Lulu wa Juu, Subira wa Chini

Hadithi hii sikuitunga. Niliipokea kwa Kombo bin Haji, fundi wa visima, na Kombo si mtu wa maneno mengi. Anayetaka kuamini aamini, anayetaka kucheka acheke, ila asicheke mapema, maana mbele pana kaburi, nami siwezi kulihamisha.

Kombo alikwenda Tepeni kumtazama dada yake. Njia aliyopita haituhusu, alikwenda, akafika. Linalotuhusu ni agizo alilopewa na mama yake, Bi Mize, asubuhi alipokuwa akifunga mzigo wake.

"Ukifika, kabla hujanywa hata maji, muulize meno yake," mama alisema. "Usimuulize hali. Hali atakwambia nzuri. Muulize meno."

Agizo hilo lilikuwa na asili yake. Mwanatumu, mdogo wake Kombo, alipokuwa na miaka tisa alishikwa na koo, kisha homa, kisha viungo vikamvimba kimoja baada ya kingine, goti leo, kiwiko kesho. Alipona. Lakini tabibu wa kwao alipomsikiliza kifua alimweleza mama kwamba mlango mmoja wa moyo wa mtoto umepata kovu, haufungi sawasawa. Ataishi, ataolewa, Mungu akipenda atazeeka. Ila asiachwe na jino bovu hata siku moja, kwa sababu uchafu wa fizi huingia katika damu, na damu lazima ipite moyoni, na moyo wenye kovu huupokea uchafu ule ukajishika humo na kuota. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Bi Mize alimsimamisha binti yake mlangoni penye mwanga akamwambia, "Fungua mdomo." Alimkagua jino kwa jino kama achambuaye mchele. Mswaki kwanza, maji ya chumvi, ndipo chai. Mwanatumu aliolewa na meno yake thelathini na mawili kamili, lakini aliolewa Tepeni, na Tepeni ina sheria zake.

Langoni Kombo alipokewa na karani mwenye adabu nyingi, aliyemfunga utepe mwekundu shingoni na kumpa majina mawili.

"Kuanzia utepe kwenda juu, wewe ni Fadhili," karani alisema. "Kuanzia utepe kwenda chini, wewe ni Mwadini."

"Mimi ni Kombo, juu na chini."

"Huko ulikotoka, sawa," karani alijibu kwa upole. Akaandika Fadhili katika daftari moja na Mwadini katika daftari jingine, na madaftari yakapelekwa vyumba viwili tofauti, kila chumba na kufuli lake.

Wenyeji walimsimulia sababu. Zamani Tepeni ilikuwa na matabibu wawili, ndugu wa tumbo moja, mmoja hodari wa meno, mwingine hodari wa moyo. Waligombania mgonjwa, kila mmoja akisema ni wake, mpaka wafuasi wao wakapigana kwa fimbo sokoni. Mgonjwa mwenyewe alikufa siku ya pili ya mapigano, na hapakuwa na aliyelikumbuka jina lake. Ili amani irudi, wazee waliigawa miili ya raia wote. Kutoka shingoni kwenda juu, mali ya Nyumba ya Juu iliyo kilimani. Kutoka shingoni kwenda chini, mali ya Nyumba ya Chini iliyo bondeni. Shingo yenyewe isiwe ya mtu. Ikafunikwa kwa utepe, na atakayeufungua amevunja amani ya nchi. Watepe, yaani watu wa Tepeni, huoga nao, hulala nao na huzikwa nao. Ukichakaa, mpya hufungwa juu ya ule wa zamani, kisha wa zamani huvutwa kwa chini, mfungaji akiwa amefumba macho.

Na juu ya meza ya kila tabibu pana kengele ndogo ya shaba. Mgonjwa akianza kutaja habari za upande wa pili, tabibu huitikisa mpaka mgonjwa anyamaze, ili sikio lisije likavunja sheria. Kombo alipoelezwa haya alidhani ni mzaha wa kumpokea mgeni. Alicheka, na waliokuwapo wakacheka pamoja naye kwa heshima, bila kujua wanacheka nini.

Msellem, mume wa Mwanatumu, alikuwa mfumaji wa tepe. Nataka hili lieleweke: alikuwa mtu mwema. Alimpenda mkewe, hakumpandishia sauti katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, na siku ya harusi alimfumia utepe kwa mkono wake, mpana na laini kuliko wa bibi arusi yeyote wa mtaa ule. Alimlaki Kombo kwa mikono miwili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone, shemeji!" alisema, na Mwanatumu akatoka nyuma yake akicheka, kiganja mdomoni.

Alikuwa amekonda. Mifupa ya mashavu ilitokeza, na bangili alizopewa na mama zilikuwa zimepanda hadi karibu na kiwiko. Walipoketi kula, Kombo aliona anauvunja mkate vipande vidogo, anavilowesha chaini mpaka vinalegea, kisha anavipitisha upande wa kushoto tu. Agizo la mama likamjia papo hapo. Lakini Tepeni kutaja meno mbele ya chakula ni ufedhuli, na Msellem alikuwa amekaa pale pale, na Kombo naye ni mtu wa haya. "Kesho," alijiambia. Kesho ikazaa kesho. Kisima cha uani kilikuwa kimeharibika. Kombo akajitia kukitengeneza, akafurahi kushukuriwa, na siku saba zikapita hivyo hivyo. Sitamlaumu. Yeye anajilaumu vya kutosha, na mzigo wake hauhitaji mkono wangu.

Katika siku hizo aliyaona mengi. Kila alasiri Mwanatumu alijitanda khanga mbili juani na bado akatetemeka. "Uchovu tu, kaka," alisema. Alipompa kopo la maji, Kombo aliona chini ya kucha zake mistari myekundu myembamba, kama vibanzi vya kuni vilivyoingia vikabaki humo. Siku ya nane, akiwa juu ya ukingo wa kisima na dada yake amesimama na ndoo, alishindwa kuvumilia.

"Mwanatumu, mama alisema nikuulize meno yako."

Mwanatumu aliitua ndoo. "Alisema lini?"

"Siku niliyoondoka."

"Na leo ni siku ya nane."

"Ndiyo."

Alicheka kiganja kikiwa mdomoni, halafu kicheko kikageuka, akawa analia. Kombo alimshika mabega akamgeuza penye mwanga. "Fungua mdomo," alimwambia. Jino la nyuma, upande wa kulia, lilikuwa na shimo jeusi. Ufizi wake ulikuwa umevimba na kung'aa, na alipougusa kidogo kwa ncha ya kidole, usaha ulitoka.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mtama."

"Na tabibu hukumwambia?"

"Tabibu gani, kaka?" Mwanatumu alifuta macho kwa pindo la khanga. "Wa meno anamjua Lulu, na Lulu hana moyo. Wa moyo anamjua Subira, na Subira hana meno. Lulu kawekwa kwenye zamu ya kung'olewa. Subira anapewa dawa ya homa. Mimi Mwanatumu sijulikani na mtu."

"Ungewapigia kelele!"

"Mume wangu anafuma tepe. Mke wa mfumaji akishtakiwa kuchanganya juu na chini, nani atavaa utepe wa Msellem tena?"

Kombo hakunawa hata mikono. Alipanda kilimani na dada yake hadi Nyumba ya Juu, jengo lililopakwa chokaa likawa jeupe mpaka linaumiza macho. Huko ndiko Watepe hupimwa weupe wa meno kila mwaka, na wengi hujipaka chaki asubuhi ya kipimo, na wapimaji wanajua, na wanaandika weupe wa chaki. Tabibu Rukia, mama wa makamo mwenye mikono miepesi, alimketisha Mwanatumu, akaangalia vizuri, hakuharakisha.

"Jino la Lulu limeoza hadi mzizini, na jipu limetunga chini yake," alisema. "La kung'oa."

"Leo, bibi?"

"Zamu yake bado siku arobaini. Anayerukishwa zamu ni mwenye hatari ya kufa, na kufa, ndugu yangu, kuko chini ya utepe. Hakutuhusu huku."

"Lakini huyu moyo wake una ko..."

Kengele ililia. Kombo alipaza sauti, na kengele ikapazwa zaidi. Wagonjwa waliokuwa wakingoja waliinamisha nyuso, kama watu waliomkuta mwenzao hana nguo. Alipoishiwa pumzi, Tabibu Rukia aliiweka kengele mezani, akaifuta kwa kitambaa, akauliza kwa upole kabisa, "Ulikuwa unasema?"

Wakateremka bondeni. Tabibu wa Nyumba ya Chini, Mzee Ngwali, alikuwa ameupita zamani umri wa kustaafu. Aliweka pembe yake ya kusikilizia kifuani kwa Mwanatumu, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu.

"Mlango wa moyo wa Subira unavuma," alisema. "Mwezi uliopita haukuvuma hivi. Uchafu umeingia katika damu, umekaa mlangoni unakua. Nimetafuta ulikopitia. Nimetazama nyayo, magoti, tumbo, mikono, hata nyuma ya masikio ningetazama kama yangekuwa yangu. Sikuona jeraha."

"Umetazama mdomoni, mzee?"

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye kengele wenyewe, kwa mazoea ya miaka hamsini. Aliitikisa. Lakini aliitikisa polepole, chini chini, kama abembelezaye mtoto alale, huku akiinama kuelekea kwa Kombo. Na Kombo akamweleza yote, koo la utotoni, kovu, jino, usaha, mavuno ya mtama. Alipomaliza, Mzee Ngwali aliishusha kengele mapajani. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Sikusikia kitu," alisema. "Lakini ningesikia, ningesema mwenye jino na mwenye moyo watibiwe pamoja. Anywe dawa ya kuua uchafu wa damu, dawa kali, wiki nyingi, na jino litoke dawa ikiwa tayari mwilini. Dawa ninayo. Ila maadamu jino limo, ni kazi ya kukausha chumba huku mvua inaingia. Nahitaji mwenye koleo akae nami chumba kimoja. Saa moja tu. Peleka ombi Barazani, mwanangu, na upeleke upesi."

Baraza la Shingo lilikuwa na wajumbe ishirini na wanne, nusu wa Juu na nusu wa Chini, na lilikuwa halijakubaliana jambo tangu lilipokubaliana kuwepo. Ombi la Kombo lilisomwa, na mjadala ukaanza na mate. Mate yakiwa mdomoni ni ya Juu, hilo halina ubishi. Yakishamezwa ni ya Chini. Je, yakiwa njiani ni ya nani? Mjumbe mmoja alipendekeza raia wameze mbele ya shahidi. Mwingine, mtu mzima mwenye ndevu za heshima, alieleza kwamba damu itokayo katika ufizi ni ya moyo kwa asili, kwa hiyo imevuka mpaka bila ruhusa, na inayovuja yapasa irudishwe. Wakapiga kura kuhusu damu. Kura zikalingana, kumi na mbili kwa kumi na mbili, wakaenda kula.

Mchana Kombo aliruhusiwa kusema. Hakuwahi kuhutubia watu, na kofia aliikunja mkononi mpaka ikapoteza umbo.

"Waheshimiwa, mimi nashuka visima. Nimeshuka zaidi ya mia mbili. Kisima hakianzi kuharibika chini. Huanzia mdomoni, ukingo umepasuka, ng'ombe wamekanyaga, mvua inasukuma taka tone kwa tone. Watu wakiugua, wenye kisima huniita nifukue chini, na ufa uko pale pale walipoweka miguu wakiniteremsha. Sina elimu nyingine. Namwombea dada yangu saa moja."

Kwa muda Kombo alidhani amewagusa. Mwenyekiti aliinuka. "Mgeni ametufundisha jambo jema," alisema. "Ila kisima hakina shingo." Wajumbe wakampigia makofi kwa hekima hiyo, wa Juu na wa Chini pamoja, na katika furaha ya kukubaliana hatimaye, ombi likapita. Matabibu wawili wakae chumba kimoja saa moja, kwa sharti kwamba wagonjwa wote wawili, Lulu na Subira, wahudhurie wenyewe.

Kombo alilipuuza sharti. Alidhani ni maneno ya makarani.

Siku ilipofika, chumba kilikuwa tayari. Tabibu Rukia alikaa upande mmoja, koleo lake limechemshwa na kufungwa katika kitambaa safi. Mzee Ngwali alikaa upande wa pili na chupa ya dawa. Katikati viliwekwa viti viwili. Mwanatumu aliingia akiegemea mkono wa Msellem, akaketi katika kiti kilichokuwa karibu.

"Lulu!" karani wa Baraza aliita.

"Nipo."

"Subira!"

"Nipo."

Karani alikitazama kile kiti kitupu. "Subira!"

"Nipo, baba."

"Wewe ni Lulu, umeshaitika. Lulu hawezi kumwitikia Subira."

Mwanatumu aliinuka, akahamia kiti cha pili. Karani akamwandika Subira yupo, akamfuta Lulu. Mwanatumu akarudi kiti cha kwanza. Lulu akaandikwa, Subira akafutwa. Mara tatu alikwenda na kurudi, akijishikilia migongo ya viti, pumzi zikimwishia, na karani hakuwa mkali hata kidogo, alikuwa akimsubiri kwa subira kubwa kila safari.

"Huyu ni mtu mmoja!" Mzee Ngwali alipiga kelele. Kengele kubwa ya Baraza ikapigwa juu ya sauti yake.

Tabibu Rukia alikuwa amesimama. Kitambaa alikuwa amekifungua, koleo liko mkononi, na kati yake na lile jino palikuwa na hatua tatu. Alilitazama koleo, akamtazama karani. Akakaa.

Ndipo Msellem alipofungua kinywa, mtu ambaye hakuwahi kubishana na afisa maishani mwake. "Bwana karani," alisema, "huyo ni mke wangu."

"Yupi kati yao?" karani aliuliza, kalamu tayari.

Msellem alitazama viti vyote viwili, naye akakaa chini. Kikao kikaahirishwa hadi mwezi utakapoandama, kwa sababu ya kutohudhuria kwa mgonjwa mmoja.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, Mwanatumu alikuwa akimmiminia kaka yake chai. Kikombe kilimtoka. Kombo alipoinua macho, mdomo wa dada yake ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, na maneno hayatoki. Msellem alikimbilia bondeni, Kombo akakimbilia kilimani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mia na ushei tabibu wa Juu na tabibu wa Chini walipiga magoti kando ya kitanda kimoja. Hakuna aliyekuja na kengele. Mzee Ngwali aliweka pembe kifuani, akaitoa. Kipande kimebanduka katika mlango wa moyo, alieleza, kimepanda na damu, kimeziba njia kichwani. Kilichoshuka kutoka mdomoni hadi moyoni sasa kilikuwa kimepanda kutoka moyoni hadi kichwani, na mpaka wa Tepeni haukukisimamisha kwenda wala kurudi.

"Nilikuwa na koleo mkononi," Tabibu Rukia alisema. Alilisema tena, na tena, mpaka Mzee Ngwali akamshika bega.

Mwanatumu aliishi hadi adhuhuri. Alimtafuta kaka yake kwa jicho moja, na Kombo alipoinama asikie anataka nini, hakujaribu kusema. Aliufungua mdomo wake, ule mdomo uliopinda, akauacha wazi mbele ya uso wake, ametulia, kama alivyosimama mlangoni kwao kila asubuhi. Kombo alitazama. Hakujua la kufanya ila kutazama, jino kwa jino, na kumwambia, "Vizuri. Vizuri, Mwanatumu."

Tanzia zilitangazwa mbili. Kilimani walimlilia Lulu, bondeni walimlilia Subira. Waombolezaji walifika kwa makundi mawili, wakakaa mikeka miwili, na wa mkeka huu wakawaambia wa mkeka ule, "Poleni na ninyi." Vyeti navyo vilikuja viwili. Cha Juu kilisema Lulu amefariki akiwa na jino bovu moja, jambo lisiloua. Cha Chini kilisema Subira amefariki kwa uchafu ulioingia moyoni, na njia uliyopitia haikupatikana.

Wakati wa kuosha, Msellem alisema ataingia mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakiosha walimwona akiushika utepe na wakageuza nyuso ukutani. Aliufungua. Hakufumba macho.

Alimwita Kombo kwa sauti ndogo. "Shemeji, njoo uone."

Ngozi ya shingo ya Mwanatumu ilikuwa nyororo, ngozi ya msichana, kwa miaka kumi na mmoja haijaona jua. Na upande wa kulia, chini kidogo ya taya, palikuwa na vinundu viwili vigumu, kila kimoja ukubwa wa kunazi. Havikuwa vya juzi. Vilikuwa pale tangu mavuno ya mtama, vinamsubiri mtu yeyote mwenye kidole, katikati kabisa ya Lulu na Subira. Msellem alivigusa, akaunyoosha utepe juu ya goti lake, akaupima kwa mkono kama apimavyo dukani kwake.

"Niliufuma vidole vinne," alisema. "Desturi ni vitatu. Nilitaka wake uwe mzuri kuliko wa wenzake. Ningefuma vitatu, tungeviona."

Kombo alimsogelea. Alimkumbatia shemeji yake, na wote wawili wakalia bila kujizuia, mbele ya wanawake na mbele ya maiti. Mwanatumu alizikwa shingo wazi, na kaburini Msellem aliandika jina moja tu, lile alilopewa na mama yake.

Siku ya kuondoka, langoni, karani alimfungua Kombo utepe. Alikuwa na habari njema, alisema. Baraza limesikia yaliyotokea, limehuzunika sana, na limepitisha kwa kauli moja kwamba upana wa tepe zote upunguzwe hadi vidole viwili. Kisha akachukua kalamu. "Fadhili ametoka," aliandika. "Mwadini ametoka."

"Na Kombo?"

"Kombo hakuwahi kuingia," karani alisema, akamtakia safari njema.

Bi Mize alikuwa amekaa mlangoni kwake. Alimwona mwanawe anakuja peke yake, na bangili zimefungwa katika kitambaa, akajua. Hakuuliza hali.

"Ulimuuliza meno yake?"

"Nilimuuliza, mama."

"Kabla hujanywa maji?"

Kombo angeweza kudanganya. Nilimwambia hivyo aliponisimulia, kwamba kwa mama mzee uwongo wa namna hiyo haungekuwa dhambi. Akaniambia hakuuona mdomo wake ukifunguka kwa neno lingine. "Siku ya nane, mama," alijibu.

Bi Mize alilia siku ile nzima, na majirani wakaja, na kwa siku tatu hakumtazama mwanawe usoni. Kombo alikaa uani, hakwenda kazini, akala alipopewa. Siku ya nne, jua lilipoingia uani, alisikia anaitwa.

"Kombo. Njoo hapa mlangoni."

Alikwenda. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, ndevu zimeanza mvi, na mama yake amefupishwa na uzee, kwa hiyo ilimbidi apige magoti.

"Fungua mdomo," Bi Mize alisema.

Akaufungua. Mama alimshika kidevu, akamgeuzia mwanga, akaanza kuhesabu jino kwa jino, machozi yakimdondokea mwanawe shavuni. Alipofika jino la mwisho hakumwachia. Alianza tena.